Mawifi wa Zamu Mbili

Mke wangu ni mwalimu, na dada yangu mdogo ni mwalimu. Wanafundisha katika jengo moja, chumba kimoja, ubao mmoja, lakini si shule moja. Majengo hayatoshi, kwa hiyo shule mbili zinapokezana: moja inaingia asubuhi na mapema na kutoka adhuhuri, nyingine inaingia adhuhuri na kutoka jua linapokaribia kuzama. Dada yangu ni wa asubuhi, mke wangu ni wa mchana. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nilikuwa katikati yao kama bitana kati ya vitambaa viwili.

Wanafunzi wamewapa majina ya utani. Mke wangu ni Mama Rula, maana haendi popote bila rula yake ndefu ya mbao, ingawa hajawahi kumchapa nayo mtu. Dada yangu ni Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Wao wenyewe wanaitana wifi, na nilikuwa najua hali ya siku kwa jinsi neno hilo linavyotamkwa. Likitoka fupi, kuna usalama. Likivutwa mwishoni, mimi huyo nakumbuka shughuli dukani.

Ugomvi wao ulikuwa wa vitu vidogo vidogo. Nani kaacha ubao haujafutwa. Madawati ya nani yamechongwa kwa wembe. Chaki zimekwenda wapi. Kila mmoja alikuwa na kabati lake mle chumbani, na kila kabati lilikuwa na kufuli kubwa kuliko kabati lenyewe. Kisha likaja suala la chati. Mke wangu alikuwa amechora kwenye karatasi ngumu safari ya chakula tumboni, kuanzia mdomoni hadi mwisho wake, kwa rangi, kazi ya jioni nyingi pale mezani kwetu. Aliibandika ukutani. Siku moja akaingia zamu yake akaikuta nusu tu, na hiyo nusu imetupwa juu ya kabati. Tumbo lipo, utumbo haupo. Hakuuliza mtu. Alijua, au alidhani anajua.

Walimu wakiwa hivyo, watoto wangekuwaje? Adhuhuri pale langoni palikuwa kama sokoni kwenye moto. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, lango moja, jua kali, njaa upande mmoja na uchovu upande mwingine. Walianza kwa kutaniana, wakaenda kwenye kusukumana, wakafika kwenye mawe.

Jiwe moja lilimpata binti yetu. Ni mtoto wetu wa mwisho, tunamwita Kitinda, na wakati huo alikuwa darasa la tano asubuhi, kwa shangazi yake. Nilipopata habari niliacha suruali ya mteja chini ya sindano nikakimbilia zahanati. Nilimkuta daktari anamshona juu ya nyusi. Kitinda hakulia, alikuwa amekishika kidole cha shangazi yake upande mmoja na kidole cha mama yake upande mwingine. Daktari akasema jicho limenusurika kwa bahati tu.

"Wa asubuhi ndio walioanza kusukumana," mke wangu akasema, kama anayezungumza na ukuta.

"Huenda," dada yangu akajibu. "Lakini jiwe limetoka upande wako, wifi."

Mke wangu akageuza uso. Mimi ndiye niliyepaswa kusema kitu hapo, lakini nilibaki kumpepea mtoto kwa kofia yangu.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Dada yangu alikuwa akija dukani mke wangu akiwa kazini, ananiachia matunda ya Kitinda, nami nayapeleka nyumbani kwa siri kama magendo. Mke wangu aliyajua matunda yale. Aliyaosha, akayakata, akampa mtoto, na hakuuliza yametoka wapi.

Habari ya mtoto kushonwa ilifika ofisi ya elimu. Wakaamua kwamba likizo ikianza, walimu wa shule zote mbili watakaa pamoja wiki nzima kwa mafunzo: elimu ya amani, kwa njia ya kujifunza kwa kushirikiana. Ndivyo tangazo lilivyosema.

"Sisi ndio wa kufundishwa amani?" mke wangu akaniuliza. "Wafundishwe wanaorusha mawe."

Dada yangu alipopita dukani alisema, "Mimi nitakwenda, kaka. Lakini sikai karibu na mtu."

Nikawaombea wote wawili, nikarudi kwenye cherehani.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kufika hadi ng'ambo ya uwanja. Alikuja na sanduku la karatasi, mikasi, gundi na kalamu za rangi, na kazi ya kwanza aliyofanya ni kuwaambia walimu wavunje mistari ya madawati. Wakayasogeza yakawa visiwa, kila kimoja cha watu wanne. Halafu akapitisha kofia yenye kadi za rangi. Rangi moja, kikundi kimoja. Kikundi cha kijani kikatoka hivi: mwalimu mkuu wa asubuhi, ambaye ni mzee mpole wa miwani anayekaribia kustaafu, mwalimu wa michezo wa mchana anayeitwa Filimbi, dada yangu, na mke wangu.

Mke wangu akanyoosha mkono. "Samahani, mimi naomba kubadilisha kadi."

"Kwa nini?" mkufunzi akauliza.

"Sioni vizuri nikiwa upande huu."

"Basi tutakisogeza kikundi chote upande ule," mkufunzi akasema, na kweli wakabeba madawati, wote wanne, wakahamia dirishani. Watu wakacheka. Mke wangu aliporudi jioni alinisimulia jambo hilo kama dhuluma. Dada yangu naye alinisimulia, akaongeza kwamba wifi yake ndiye aliyebeba upande mwepesi wa dawati. Siku hizo nilikuwa napata kila habari mara mbili, na zilikuwa hazifanani hata kidogo.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa hivi. Mkufunzi aliandika hadithi ya vijiji viwili vinavyotumia pampu moja ya maji, akaikata vipande vinne. Kila mtu kikundini anapata kipande kimoja, na hamwonyeshi mwenzake. Anatoka, anakwenda kukaa na wale wa vikundi vingine waliopata kipande kama chake, wanakichambua mpaka kinaeleweka. Kisha anarudi kwao kuwafundisha wenzake watatu. Mwisho kuna maswali ya hadithi nzima, na alama ni ya kikundi, si ya mtu.

"Kwa hiyo nikijua changu peke yangu haitoshi?" Filimbi akauliza.

"Haitoshi hata kidogo," mkufunzi akasema. "Hapa, asiyemsikiliza jirani yake amefeli."

Mke wangu alikuwa na kipande cha pili, dada yangu cha tatu. Mke wangu alieleza chake vizuri, kwa rula na kila kitu. Ilipofika zamu ya dada yangu, mke wangu akaanza kutafuta kitu mkobani. Alitafuta muda wote dada yangu alipokuwa anaeleza, na hakukipata. Dada yangu alipoona hivyo akaeleza upesi upesi, akimwangalia mzee wa miwani tu, akaruka nusu ya mambo. Maswali yakaja. Mengi yalitoka kipande cha tatu. Kikundi cha kijani kikawa cha mwisho, tena kwa mbali.

Filimbi alikasirika kuliko wote. "Mimi tangu chuoni sijawahi kushika mkia," aliwaambia. "Leo nimeshika mkia kwa sababu ya mambo ya mawifi. Mezeni mate, mmalizane, kesho nataka kushinda."

Mwalimu mkuu mzee akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Na mimi nastaafu mwakani. Nisingependa hili liwe la mwisho kukumbukwa."

Hapo, kwa mara ya kwanza, habari niliyoletewa jioni ilifanana kote kuwili. Wote wawili walisema waliona aibu.

Kesho yake mkufunzi akaleta zoezi jingine. Watu wawili wanakaa ana kwa ana. Mmoja anasema jambo linalomkera, kwa ufupi. Mwenzake hajibu, hajitetei. Kazi yake ni kulirudisha lile jambo kwa maneno yake mwenyewe, mpaka aliyesema akubali: ndiyo, hicho ndicho nilichosema. Baada ya hapo wanabadilishana. Filimbi akawahi kumkamata yule mzee. Wakabaki wale wawili.

Haya ninayoyasema sasa mke wangu alinisimulia siku hiyo hiyo. Alikuja moja kwa moja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Nilikuwa nakata kola. Nikaweka mkasi chini.

Dada yangu ndiye aliyeanza. Alisema, "Ile chati sikuichana. Mvua ilinyesha ikaingia kwa lile dirisha lisilo na kioo. Nilipofika asubuhi nusu ilikuwa sakafuni imekuwa uji, nusu imening'inia. Nikaitoa iliyobaki, nikaianika juu ya kabati ili ikauke, nikupe. Ikafika saa ya kutoka, langoni pakawa na vurugu, nikasahau. Baadaye nikasikia tayari inasemwa mimi ndiye niliyeichana. Nikaona hakuna haja ya kusema."

Mke wangu akarudisha: "Wifi anadai kwamba mvua..."

"Sijadai," dada yangu akasema. "Nimesema."

"Wifi anasema mvua ililowesha chati, naye akaitupa juu ya kabati."

"Niliianika."

Mke wangu aliniambia kwamba hapo alifumba macho akaliona lile kabati, na ile karatasi jinsi ilivyokuwa imelazwa, imenyooshwa, pembe zake zimewekewa vipande vya chaki zisijikunje. Alikuwa ameziona zile chaki siku ile ile. Hakujiuliza zinafanya nini pale.

"Uliikuta imelowa," akasema polepole. "Ukaianika ili unipe. Kisha nikakusingizia kabla hujanipa, ukaona hakuna haja ya kujieleza kwa mtu ambaye ameshaamua."

"Ndiyo," dada yangu akasema. "Hicho ndicho nilichosema."

Ikawa zamu ya mke wangu. Alikuwa amepanga kusema habari ya madawati, au ya chaki, jambo jepesi. Lakini kilichotoka hakikuwa hicho. Alisema, "Pale zahanati ulisema jiwe limetoka upande wangu." Akashindwa kuendelea. Alitaka kueleza ni kwa nini neno lile lilimkaa kifuani, na hakuwa na maneno.

Dada yangu, Sindano mwenyewe, ambaye hakosi la kusema, safari hii hakuchoma. Akarudisha taratibu. "Unasema kwamba ulikuwa umemshika mtoto wako mkono, damu bado ipo kwenye gauni lake, na mimi nikakufanya ujione kama wewe ndiye uliyempiga."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Chumba kizima kilikuwa kinaongea, wawili wawili, hakuna aliyekuwa anawatazama. Dada yangu akasogeza kiti chake kikagusana na cha wifi yake, wakakaa hivyo mpaka zoezi likaisha.

"Baba Kitinda," mke wangu akaniambia pale benchini, "mimi nilikuwa nimelijua lile jambo linavyoniuma, lakini sikuwa nimelisikia likisemwa. Amelisema yeye. Na alilisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi."

Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema anataka. Sikujua kufanya kingine.

Jioni hiyo dada yangu hakuja dukani. Alikuja nyumbani, kwa mlango wa mbele, na matunda yake mkononi, akamkabidhi wifi yake. Kitinda aliwatazama wakiongea jikoni, akaja kuninong'oneza, "Baba, wamepona?" Nikamwambia wanaendelea vizuri.

Siku zilizofuata kikundi cha kijani hakikushika mkia tena. Hakikushinda pia, na Filimbi alilalamika, lakini kwa kicheko. Walijifunza jinsi ya kugawa kazi ili kila mtoto awe na kitu ambacho wenzake wanakihitaji. Mmoja msomaji, mmoja mchoraji, mmoja wa kutazama muda, mmoja msemaji. Walijifunza kungoja mtoto anayesitasita badala ya kumjibia. Mke wangu alisema hilo la kungoja ndilo gumu kuliko yote, maana mwalimu amezoea kujaza ukimya.

Siku ya mwisho ilikuwa ya majaribio. Watoto wa zamu zote mbili waliitwa, darasa moja kutoka kila upande, na wazazi tukaalikwa kutazama. Mkufunzi ndiye aliyekuwa aongoze, walimu wamsaidie. Asubuhi hiyo alishuka kwenye gari, akafungua kinywa kusalimia, na hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Wiki nzima ya kupaza sauti kuzidi kelele za watu wazima ilikuwa imemmaliza.

Nilikuwepo, kwa hiyo hapa nasema niliyoyaona. Walimu walimzunguka, huyu analeta maji ya moto, yule anasema asali, mwingine anasema tuahirishe. Watoto walikuwa tayari wanajaa uani, wa asubuhi kwenye kivuli cha ukuta huu, wa mchana kwenye kivuli cha ukuta ule, wanatazamana. Mkufunzi akaingia darasani, akachukua chaki, akaandika ubaoni neno moja: Mnajua.

"Tunajua nini?" Filimbi akauliza, watu wakacheka kwa woga.

Mkufunzi akalipigia mstari lile neno. Kisha akaenda nyuma, akajipenyeza kwenye dawati la mtoto kwa shida, akakaa na kikombe chake.

Walimu wakaanza kutupiana mpira. Mwalimu mkuu wa asubuhi akamtazama mwalimu mkuu wa mchana, wa mchana akatazama dari. Ndipo nikamwona mke wangu anasimama. Alikuwa ameishika rula kwa mikono miwili. Hufanya hivyo akiogopa. Akasema, "Wifi, utasimama na mimi?" Na neno lile lilikuwa fupi.

Dada yangu akasimama.

Wakawaita watoto, wakapitisha kofia ya kadi za rangi. Kila kikundi watoto wanne, wawili wa asubuhi, wawili wa mchana. Mwanzoni walikaa kama vijiti. Swali walilopewa lilikuwa moja: tufanye nini ili adhuhuri watu wote waingie na kutoka bila mtu kuumia? Mmoja alipewa ramani ya uwanja, mmoja ratiba ya kengele, mmoja idadi ya madarasa, mmoja karatasi tupu ya kuchorea. Mmoja asipoongea, kikundi hakisogei.

Kitinda alikuwa kikundi cha manjano, na mkabala naye alikaa msichana wa mchana mwenye nywele fupi. Nilisimama karibu nao, ukutani. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Nilitaka kumwambia mwanangu, sema mama, una ramani. Mke wangu alinitazama kwa jicho lile la walimu, nikafunga mdomo.

Yule msichana ndiye aliyevunja ukimya. "Mimi huwa nakaa hapa," akasema, akigonga dawati.

"Hapa?" Kitinda akasema. "Na mimi nakaa hapa hapa."

"Wewe ndiye unayechora samaki?"

"Ndiyo. Na wewe ndiye unayeacha maganda ya karanga?"

Yule msichana akaona haya, halafu wakacheka, na wale wenzao wawili wakaingiza vichwa kuona hao samaki. Mwaka mzima walikuwa wamekalia dawati moja, kila mmoja akimchukia mtu asiyemjua. Baada ya hapo hawakunyamaza. Kikundi kimoja kilisema lango la nyuma, lile lenye mnyororo, lifunguliwe, wengine watokee huko. Watu wazima tukatazamana, maana lango hilo tulikuwa tumelisahau. Lakini kikundi cha manjano kilikataa. Msemaji wao, mvulana wa mchana mwenye sauti ya kukwaruza, akasema, "Tukitumia malango mawili tutaendelea kutojuana. Sisi tunataka kila wa asubuhi angoje kwenye dawati mpaka mwenzake afike. Amkabidhi, halafu aondoke. Darasa kwa darasa, si wote kwa mara moja."

"Na akichelewa?" mwalimu mkuu wa mchana akauliza, na kweli alikuwa anataka kujua.

"Basi mwalimu anapokea kwa niaba yake," yule mtoto akasema.

Mke wangu na dada yangu hawakusema pendekezo lipi ni bora. Waliwaachia watoto wabishane, wakawa wanazunguka, huyu anainama hapa, yule pale, na wakikutana katikati ya darasa wanapishana bila kugongana. Nilimtazama mkufunzi kule nyuma. Alikuwa ameweka kikombe chini, mikono miwili mashavuni.

Siku hiyo hiyo mke wangu alimwalika nyumbani kwa chai kabla hajasafiri. Alikuja, akakaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru, lakini mimi si mtu wa maneno, na nilijua watu wa aina yake ukiwashukuru wanakukatiza: aa, si mimi, ni nyinyi wenyewe, ni kazi tu. Safari hii hakuwa na sauti ya kunikatiza. Akabaki kunitazama.

Nikamwambia kwamba nina binti mwenye kovu juu ya nyusi, na kila nilipoliona nilikuwa namwona dada yangu na mke wangu wamekaa kila mmoja upande wake. Nikamwambia kwamba wiki hii nimewasikia wakicheka jikoni kwangu, na kwamba kicheko cha dada yangu ni cha marehemu mama yetu, na nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nikamwambia asante. Nikairudia, kwa sababu ya kwanza ilitoka ndogo.

Mkufunzi akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamjia. Dada yangu akasema, "Kaka, umemliza mgeni." Mke wangu akasema, "Mwache amlize. Amesema vizuri." Yule mama akashika mikono yangu miwili akaitikisa, na nadhani nililielewa jibu lake lote.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikuwa sawa kuanzia hapo. Wiki ya kwanza ya kukabidhiana madawati ilikuwa fujo tupu. Kengele zilichelewa, walimu watatu waligoma kungoja, na mara moja watoto walipigana tena, kwa ngumi, karibu na bomba. Siku hiyo mke wangu na dada yangu walikwenda pamoja kuwaamua, na waliopigana walikaa ana kwa ana wakarudishiana maneno mpaka wakachoka. Vyoo bado vinagombaniwa. Nani wa kuvisafisha, hakuna zoezi lililotatua. Lakini mawe yaliisha. Kabati moja liliondolewa, lililobaki lina chati za wote, na kioo cha lile dirisha kiliwekwa na mwalimu mkuu mzee mwenyewe kabla hajastaafu. Alipanda kwenye meza akakiweka, Filimbi amemshika miguu.

Kitinda na yule msichana wa karanga sasa hawaachani. Anakuja kwetu siku za mapumziko, wanakata vitambaa vyangu bila ruhusa.

Mwaka huu ofisi ya elimu ilitafuta walimu wa kwenda kufundisha wenzao katika shule nyingine ya zamu mbili, mbali kidogo. Wakawachagua mke wangu na dada yangu. Niliwasindikiza kituo cha basi asubuhi, nimebeba sanduku la karatasi na mikasi. Njia nzima walikuwa wanabishana ni hadithi gani wakate vipande, huyu anataka ya pampu, yule anasema imechakaa, afadhali ya kuku wa ushirika. Mke wangu aliniachia maagizo ya nyumba, dada yangu akayarudia yote kana kwamba sikusikia. Wakapanda. Dirishani nikawaona wamekaa kiti kimoja, vichwa vimeinamia karatasi, hawakukumbuka hata kunipungia.

Nilisimama pale mpaka gari likapotea kwenye kona, nikimshukuru Mungu kimya kimya kwa ajili yao na kwa ajili ya yule mama aliyepoteza sauti yake kwetu. Siku hiyo nilichelewa kufungua duka, na sikujali.